Nywele za Luz

Harufu ya siki ikichemka na vitunguu saumu hunitia wivu hadi leo. Msinicheke. Ndiyo harufu iliyotoka jikoni kwa jirani zetu wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, enzi za Zaïre, baba alipopewa nyumba katika mstari wa Wailokano, mafundi wa mitambo waliotoka kaskazini mwa Ufilipino na familia zao.

Kwetu, mtu akikualika humwambii hapana usoni. Unasema utakuja, naye anaelewa kwamba huenda usije. Kwa hiyo Mama Luz, jirani wa mlango wa pili, alipotualika chakula cha Jumapili, mama yangu alijibu kwa uchangamfu, "Tutakuya, mama," na baada ya misa tukaenda zetu kwa shangazi. Tuliporudi jioni tuliwakuta barazani, meza imeandaliwa, sahani zimefunikwa, na Luz, wa umri wangu, ana gauni la kanisani na njaa. Hakuna aliyekuwa ameonja kitu. Mama Luz hakugomba. Alisema tu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mulisema mutakuya."

Mama aliona haya ambayo sijapata kuiona tena. Tangu siku ile neno alilompa Mama Luz likawa amri. Ahadi ni deni, akaanza kutuhubiria, ila deni langu halikulipwa. Akiahidi kumsuka Luz Jumamosi, atamsuka hata mvua ikinyesha, na nywele zenyewe zinateleza kama mlenda. Mimi niliambiwa kesho. Nilikaa kizingitini nikitazama vidole vya mama yangu kwenye kichwa cha mtu mwingine, roho ikiniuma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Luz alimaliza mwaka na jembe sikuliona.

Ikaja komunyo ya kwanza, yangu na yake. Mama alituahidi sote wawili kutusuka kwa uzi siku moja kabla. Alianza na Luz. Nywele zikafumuka, akarudia, zikafumuka tena, hadi wageni wa baba wakaingia na mama akakimbilia jikoni. Nilipokea komunyo na misuko ya wiki iliyopita chini ya shela.

"Kwa Luz unatimizaka," nilimwambia nikilia. "Kwa mi hapana."

"Luz ni mutoto ya benyewe," alijibu, yaani mtoto wa watu. "We uko wangu."

Niliona nimeibiwa mara mbili. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelewa kwamba kati ya mama na wale watu hapakuwa na damu, na lugha yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Palikuwa na neno tu. Mimi ningenuna, ningelia, na kesho yake ningekuwa bado mwanawe. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alinikopa mimi.

Nimeelewa, na nimemsamehe. Lakini siki ikichemka na saumu, kichwa huanza kuniwasha, palepale uzi ulipopaswa kupita.