Shavu la Bi Mwamvua

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mganga, yaani daktari wa Kijerumani, alinipa kanuni kabla hata ya kuniuliza jina: ngozi iliyopigwa mionzi haifunikwi, iachwe ipate hewa. Niliishika miaka mingi. Hasira ninayoandika nayo leo, sehemu yake najikasirikia mwenyewe.

Vijana, mnadhani tiba ya mionzi ilianza na ninyi. Enzi za Mdachi mashine ilikuwepo Dar es Salaam, ikinguruma, na mgonjwa akilazwa chini yake dakika chache kila wiki. Mimi nilihamishiwa Morogoro, kufunga vidonda na kuwasindikiza wagonjwa kwa gari moshi hadi kwenye mashine Dar es Salaam. Wiki zikirukwa, uvimbe hukua tena.

Bi Mwamvua, mfinyanzi wa Kinole, alikuwa na saratani shavuni. Mjomba wake, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye kauli, alikubali nimchukue. Tulikwenda mara nne. Uvimbe ukasinyaa, na ngozi juu yake ikababuka na kutoa malengelenge, jambo la kawaida kwa mionzi.

Ndipo ndui ikaingia. Chanjo walianza kupewa Wazungu, wakafuata askari, kisha sisi wa hospitali. Watu wa milimani wakaambiwa wangoje. Safari ya tano, tulipofika Ngerengere, abiria walikuwa wanakaguliwa. Bi Mwamvua akavuta kaniki yake usoni.

"Mama, usifunike," nikamwambia. "Bwana Mganga amekataza."

"Mwanangu, hawa watanionaje?"

"Nitawaeleza mimi."

Akafunua. Sajini alimtazama mara moja tu.

"Shuka. Ndui hiyo."

"Ni mionzi, Bwana Sajini. Ndui gani inachagua shavu moja?"

"Amri inasema mwenye malengelenge usoni apelekwe kambi ya kutenga wagonjwa. Barua ya daktari iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiomba kabla ya safari, na Bwana Mganga akanijibu kwamba koti langu jeupe linatosha. Lile koti Sajini hakulitazama hata.

Wakamlaza katikati ya wagonjwa wa ndui ya kweli. Nilikuwa nimechanjwa, nikabaki naye, nikimpelekea Bwana Mganga habari kwa simu ya reli kila siku. Baada ya wiki mbili jibu likaja: aachiliwe, akaendelee na tiba. Alikuwa na homa tangu juzi yake, na uvimbe ulikuwa umeanza kurudi. Hakutoka kambini. Bwana Mganga aliandika kwamba amekufa kwa ndui, akaniagiza nimletee mgonjwa mwingine.

Sasa nimestaafu. Vijana wa hospitali hunijia, "Shikamoo babu," wakitaka niwasifie nidhamu ya zamani. Siwasifii. Nidhamu ile ilinifanya nimfunue uso mtu mzima aliyejua kuliko mimi kilichokuwa kinamngoja.

Nilipanda Kinole kumpa mjomba habari. Nilijiandaa kutukanwa, na nilistahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama uvimbe ulikuwa umepona.

Nikamwambia ulikuwa umekwisha kabisa.