Chupa ya Achari ya Baba

Juzi niliona chupa tupu ya achari kabatini kwa mama, na wivu wangu wa utotoni ukanirudia. Kwetu Wawi, Baba aliitia maji na magadi, akazamisha vijiko viwili vilivyofungwa nyaya za betri, ili hewa yake iingie kwenye injini ya gari na kupunguza ulaji wa mafuta. Mapovu yalipopanda, aliisomea dua na kuipulizia, kama alivyonifanyia mimi nilipopata homa. Nilidhani ni dua zangu zinazochemka humo. Alipoingia ndani kuvaa kanzu, nikachomoa waya mmoja nikauficha.

Alirudi na gari kutoka mjini Chake akicheka.

"Mama Zuhura, njoo utizame! Mshale wa mafuta haujashuka!"

"Basi nirejeshee vijiko vyangu."

Baba akaibusu chupa. Mimi, Zuhura wake, nikaufinya waya mfukoni. Mpaka leo hajui kwamba chupa ilikwenda Chake bila waya huo.