Ufunguo wa Pijo

Juzi, katika gereji moja kule Industrial Area, niliona gari kuukuu aina ya Pijo likipigwa rangi, na pamoja na ile harufu ya rangi hasira yangu ya utotoni ikanirudia.

Baba alipofariki, Pijo yake ilikaa nje ya nyumba yetu mtaani Jericho hadi kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Hakuna ndugu yake aliyeiulizia. Mama, aliyekuwa akishona nguo kiwandani, aliifufua polepole pamoja na fundi mmoja jirani. Alibadilisha breki, akashona viti upya, akaipiga rangi, hata redio akaitia. Siku ilipowaka mara ya kwanza, alitundika ufunguo ukutani, akaenda bombani kunawa grisi.

Ndipo Baba Mdogo alipofika.

"Njeri, lete ufunguo. Nimekuja kuchukua gari la ndugu yangu."

Sikuwa nimeelewa kifo. Nilidhani anampelekea Baba huko aliko, basi nikampa ufunguo kwa mikono miwili, kwa furaha.

Mama alisikia injini, akaja mbio, akasimama mbele ya boneti huku maji yakimtiririka viwikoni.

"Mama Njeri, toka hapo. Hii ni mali ya ukoo."

"Kuku walipokuwa wakitaga humu, shemeji, ukoo ulikuwa wapi?"

Majirani walitoka milangoni, wakamkazia macho Baba Mdogo. Alizima injini, akashuka akinung'unika kwamba Mama hana adabu. Mama hana adabu! Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Mama aliketi kwenye usukani, akaniambia nipande, kisha akampigia shemeji yake honi apishe njia.