Mbwa Asiye na Kazi

Ferista ndiye mtu aliyenishinda mchana kweupe, mbele ya kata nzima. Nasema hivyo bila kinyongo, ingawa kinyongo kidogo ninacho.

Mwaka 2003 kichaa cha mbwa kiliingia kata yetu, hapa jirani na Mlowo, na mtoto mmoja akafa. Agizo likaja kwamba kila mbwa achanjwe na apewe kadi. Mbwa asiye na kadi ifikapo Ijumaa, risasi. Mimi Kefa nilikuwa karani wa kata, nikawekewa meza kwenye kiwanja cha mnada. Pembeni yangu alisimama Ayoub, bwana mifugo, na sindano zake. Kadi ilitaka jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa, kisha kulikuwa na mstari ulioandikwa "Kazi ya mbwa". Dawa ilikuwa chache, kwa hiyo Ayoub alitangaza tangu asubuhi kuwa mbwa asiye na kazi hachanjwi na kadi hapati.

Foleni ilikwenda vizuri. Mlinzi. Mlinzi. Wa kuwinda. Mlinzi. Hata mbwa wa Mika mwenye bucha nilimwandika mlinzi, na kata nzima ilijua kwamba wezi walimruka amelala mlangoni wakaondoka na paja zima la ng'ombe. Sikucheka. Karani hacheki kazini.

Ndipo akafika Ferista, amembeba Bwino.

Bwino alikuwa mbwa mdogo mweupe, manyoya marefu, miguu mifupi, ukubwa wake hauzidi jogoo. Dereva mmoja wa lori alimwacha Tunduma baada ya kukwama mpakani bila karatasi za mnyama. Siku hiyo Ferista alikuwa amekwenda kununua vitenge, akarudi na mbwa, vitenge hana. Jina lilikuwa la ng'ambo ya mpaka, ndivyo watu wa huko wanavyojibu ukiwauliza hali: bwino, nzuri. Kwetu mbwa analala nje na anakula makombo. Huyu alilala ndani, na baridi ya Juni ilipoingia alivaa sweta iliyoshonwa kwa vipande vilivyobaki kwenye cherehani ya Ferista mwenyewe, fundi wa nguo. Kuna waliosema si mbwa yule, ni mambo ya usiku. Ferista aliwaacha waseme mpaka wakachoka.

"Kazi yake, Fundi?" nikauliza.

"Hana."

Watu wakaangua kicheko. Nikainama nikamnong'oneza, "Fundi, sema mlinzi, yaishe."

"Mlinzi wa nini? Mwizi akija, huyu anawahi chini ya kitanda kabla yangu. Usinisingizie mbwa."

Kusema kweli alinikera. Nilikuwa namwokoa, naye ananipandishia sauti mbele za watu! Ayoub akasogea.

"Mama, kama hana kazi, Ijumaa tutamfuata. Mbwa wa hasara tupu, unamfuga wa nini?"

"Wewe unifundishe mimi hasara?" Ferista akamweka Bwino juu ya meza, juu ya kadi zangu. "Hasara zake nazijua kuliko wewe. Anakula dagaa ambao ningekula mimi. Alitafuna shela ya bibi harusi, nikashona nyingine bure na matusi juu. Nilikwenda msibani Mbebe nikarudi siku ile ile kwa ajili yake, wifi yangu hanisemeshi hadi leo. Akikohoa nampashia maziwa. Kanisani wananisema. Na siku akifa nitalia, wala hapa hakuna atakayekuja kunipa pole. Kuna nyingine nimesahau?"

"Sasa faida je?" Ayoub aliuliza kama mtu aliyekwisha kushinda.

Ferista akaiinua mikono yake.

"Maisha yangu yote nimefugwa kwa ajili ya mikono hii," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Kwa mjomba, Ihanda, nilichuma kahawa kabla sijaota meno ya ukubwani. Kwa mume nikalima. Alipokufa, nduguze walikaa kikao nami nipo pale pale, wakaulizana nikibaki nitawafaa kwa kazi gani. Nikabeba cherehani yangu nikaja huku. Mpaka leo ndugu akinitembelea, anatazama kwanza nimeshika nini. Huyu nikifungua mlango anafurahi kabla hajatazama. Faida ni hiyo, moja tu. Na simwandikishi kazi ya uongo ili aruhusiwe kuishi."

Mika mwenye bucha alikuwa anamtazama mbwa wake.

"Mwondoe mezani," Ayoub akasema. "Anayefuata!"

Ferista hakuondoka. "Ijumaa ya nini? Mwiteni mwenye bunduki sasa hivi, nimemshika."

Ayoub akanigeukia mimi, kana kwamba karani ndiye angemvuta yule mwanamke mkono. Lakini karani alikuwa ameshika kalamu, na muhuri ulikuwa kwake. Nilikuwa na hasira, ila sikuwa tena na uhakika nimemkasirikia nani. Nikachukua kadi, nikaandika jina, kisha rangi: nyeupe. Kazi ya mbwa: hana. Nikagonga muhuri.

"Umeandika nini?" Ayoub akafoka.

"Asubuhi nzima nimeandika uongo, Bwana Mifugo. Hii moja wacha iwe kweli. Mchanje."

Alinitolea macho. Nikasubiri. Mwishowe alivuta dawa kwenye sindano, akamchanja, na Bwino akalia kwa sauti kubwa kuliko mbwa wote wa siku ile. Nikampa Ferista kadi. Akaisoma polepole, kidole kikipita juu ya mistari, kisha akanirudishia.

"Umekosea."

"Wapi tena, Fundi?"

"Hapo juu. Umeniandika Fundi. Hiyo ni kazi."

Nikaichana ile kadi nikachukua nyingine. Nilipofika kwenye jina, kalamu ikasimama. Tulikuwa majirani kwa miaka minane, na ilinibidi nimuulize anaitwa nani.