Mafuta Hakuna

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu Wandera. Harufu ya petroli iliyomwagika juu ya udongo mkavu, uani kwa baba yangu mdogo, pale karibu na Masafu. Kaa hapo kwanza. Nina neno nawe kabla jirani yetu Mama Taaka hajachoka kungoja.

Maana anangoja. Nimemwona kupitia dirisha hili. Amekaa mlangoni pake na mama yake mzee, amemvalisha gauni la kanisani, na ule mguu uliovimba wameuweka juu ya kigoda. Alikuja asubuhi kukuomba umfikishie mama yake hospitali. Ukamjibu, "Chaji hakuna." Naye akasema, "Haya, baba, tutangoja ijae." Mimi nilikuwa nafagia kando ya gari. Ulipofungua mlango kuchukua mkoba wako, kile kioo cha karibu na usukani kikawaka. Kiingereza chake sikijui, lakini picha ya betri naijua, hata simu yangu inayo. Imejaa pomoni!

Usinikunjie uso. Gari lenyewe nalipenda, tusidanganyane. Tangu uliache lile la petroli ukaleta hili la umeme, mimi nalala usingizi. Zamani ukisema unatoka Tororo, roho yangu ilikuwa juu mpaka nikuone. Je, mafuta yatamfikisha? Je, wamemuuzia petroli ya magendo iliyochanganywa na mafuta ya taa, injini imemfia njiani? Dumu lako lilikuwa chini ya kitanda, na mimi nazunguka nyumba nzima nakataza watu kuwasha kiberiti. Bado wale vijana wa kuingiza mpira kwenye tangi na kunyonya. Bado oili, bado plagi, bado kusukuma asubuhi za mvua mpaka majirani wote wana matope magotini. Yote hayo yamekwisha. Unachomeka ukutani, unaamka, unakwenda. Nami mjinga nikafikiri kwamba wasiwasi ule ukiondoka, na uongo wake utaondoka nao. Kumbe umebadilisha jina tu.

Basi sikiliza ulikotoka uongo huo.

Baba mdogo Ojiambo alikuwa na pikapu, na upande wetu ilikuwa peke yake, ukiacha gari la Padri wa misheni. Hakuwa mtu mbaya. Mimi alinilea, sitamsema vibaya bure. Lakini watu walimchosha. Wanatapika ndani, wanavunja taa, wanamwendesha usiku na maiti mpaka Molo, kesho yake wanampita njiani kama hawamjui. Akajifunza neno la wenye magari wote wa mpakani: "Mafuta hakuna." Na nani angembishia? Petroli yetu ilitoka ng'ambo, upande wa Kenya, kwa madumu, leo ipo, kesho askari wameikamata. Kila mtu wa hapa alijua neno hilo maana yake ni sitaki, ila sitaki kukuvunjia heshima. Mwombaji anasema haya, asante, anakwenda kwa mwingine. Ilikuwa adabu yetu, na tuliiona nzuri.

Halafu akaja Obbo. Obbo alikuwa mtu wa Molo, kule Tororo, Mdhopadhola, si wa kabila letu, amemwoa Nabwire, rafiki yangu niliyechota naye maji tangu tukiwa wadogo. Baba yake Nabwire aliwapa kipande cha shamba wakalima huku kwetu. Tulimpenda, na tulimcheka pia, maana alikuwa mtu wa kuchukua neno kama lilivyo. Ukimwambia Obbo "karibu chakula" kwa adabu tu, huku sufuria iko tupu, yeye ananawa mikono anakaa.

Asubuhi moja Nabwire alishikwa na uchungu. Mkunga akamgusa, akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa hospitali, tena sasa hivi. Obbo akaja mbio kwetu. Mimi nilikuwa naosha vyombo uani, na baba mdogo ameegemea pikapu aliyoiosha jana yake, ikawalete wageni wa arusi ya binti yake.

"Mzee, nakuomba," Obbo alisema. "Bibi yangu anaumwa sana. Mtoto amekaa vibaya."

Baba mdogo akatazama viti vyake vilivyosafishwa. Akasema, "Pole sana, Obbo. Mafuta hakuna."

Mtu wa kwetu angegeuka palepale na kukimbilia misheni. Padri hakuwahi kukataa mgonjwa. Lakini Obbo uso wake uling'aa. Naapa, mwanangu, uling'aa! "Kumbe ni mafuta tu?" akasema. "Mzee, nitaleta." Akanyakua dumu tupu lililokuwa ukutani, akapanda baiskeli yake, akashika njia ya mpakani. Baba mdogo alifungua mdomo kumwita. Akaufunga. Nami sikujua tangi lina nini, nikaendelea kusugua sufuria, namwombea Obbo apate petroli haraka.

Jua lilikuwa limekwisha panda aliporudi. Shati limemganda mgongoni, dumu limefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, limejaa. Hakuomba hata maji. Akafungua tangi mwenyewe, akaweka faneli, akamimina. Petroli ikarudi juu ikamwagikia miguu. Akadhani ameweka faneli vibaya. Akairekebisha, akamimina tena, ikamwagika tena. Hapo akainama, akachungulia ndani ya tangi.

Baba mdogo alikuwa anatazama chini. Obbo akarudisha kifuniko polepole, akakizungusha mpaka kikakaza. Akasema neno moja tu: "Tumchukue."

Tulimchukua. Mimi nilikaa nyuma nimemshika Nabwire kichwa. Wauguzi walitupokea mbio, wakafanya walichoweza, na Nabwire wakamwokoa. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa tumboni. Nabwire aliniuliza kwa nini tulikawia, nami nikalia.

Baada ya kumzika yule mtoto, Kukhu, nyanya yangu, mama yake baba mdogo, alimwita mwanawe mbele yetu sote. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Ojiambo, mimi sikulaumu kwa kukataa. Gari ni lako. Ungemwambia sitaki, angekutukana, angekimbia kwa Padri, na mtoto yule leo angekuwa ananyonya. Wewe hukutaka kutukanwa. Ukataka kunyima na bado uitwe mwema. Ukamwacha mwenzako aende mpaka ng'ambo kutafuta kitu ulichokuwa umekiegemea."

Baba mdogo alilia kama mtoto mbele ya wakwe zake waliokuja kwa ile arusi. Obbo hakumdai kitu, wala hakumtukana kamwe. Kila walipokutana alimpa mkono na kumwuliza habari za nyumbani, na baba mdogo alikuwa anarudi nyumbani siku hizo hali chakula.

Ndiyo hayo, mwanangu. Sikukatazi kukataa. Una kazi yako, una uchovu wako, na gari si la kijiji. Lakini mwenye shida muda wake ni mfupi. Ukimpa sababu ya uongo, atautumia muda huo kuihangaikia sababu yako. Mwambie "leo siwezi", akununie, apite, aite bodaboda, amtafute mwingine. Kununiwa hakuui. Na hili la chaji ni baya kuliko la mafuta. La mafuta watu walikuwa wamejifunza kulisikia. La chaji bado hawalijui. Mama Taaka hakusikia kwamba umemkataa, baba. Amesikia kwamba anatakiwa kungoja. Tangu asubuhi anakaa pale na mguu wa mama yake unazidi kuvimba, na akipita mtu na gari hamsimamishi, kwa sababu anadhani ana lako.

Kwa hiyo inuka. Ukiwapeleka, wapeleke. Ukiwa huwezi, nenda ukamwambie usoni kwamba huwezi, naye ajue la kufanya. Mungu akupe moyo wa kutoa, na siku moyo ukikosa, akupe ulimi wa kusema kweli. Akulinde barabarani, akurudishe mzima kwa watoto wako, na asikuonyeshe kamwe yale niliyoyaona mimi uani pale. Amina. Haya, toka. Mlango huu ndio wanaoutazama.