Karai la Bibi Ndani ya Simu

Jamani, nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Bibi yangu wa Tanga alifariki bila kuacha hata picha moja. Huku Guangzhou, China, namkumbuka kila ninaponusa mafuta ya moto. Basi Salma, jirani yangu mwenye duka la simu hapa mtaani Xiaobei, akanionyesha programu ya akili mnemba inayochora chochote unachoielezea. Nikaielezea: bibi kizee, kanga mbili, jiko la mkaa, karai la mandazi. Picha ikatoka, nikalia. Moshi uleule, mgongo uleule ulioinama!

Shetani akanipitia. Nikaitupa kwenye grupu la familia nikaandika, “Nimeipata kwenye simu yangu ya zamani.” Mama wakubwa na wadogo wakamwaga machozi na dua. Nikavimba kichwa.

Kisha Mama akatuma sauti, ukoo mzima unasikia: “Picha nzuri, mwanangu. Ila mama yangu tangu lini akageuza mandazi kwa vijiti vya kulia vya Wachina?”

Nikaitazama tena. Vijiti hivyo, virefu, mkononi mwa Bibi. Sikuviona, kwa sababu mandazi yangu huku miaka yote nayageuza hivyo hivyo.