Bajeti Yangu ya Ushelisheli

Nakiri kosa hili kwa sababu nimewalaumu wengi kwa kuamini maneno ya kusikia. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na hadi leo hudai kila neno liwe kwenye karatasi.

Mwaka huu nilimwahidi mke wangu, ambaye hajawahi kuiona bahari, wiki moja katika hoteli ya kifahari huko Ushelisheli. Niliandaa bajeti kutoka kwenye kijitabu cha hoteli hiyo, nikaitengea bonasi yote ya mwaka kutoka kiwandani, ya majani chai aliyoyachuma mke wangu mwenyewe. Jirani yetu Mama Akinyi, ambaye bintiye aliwahi kufanya kazi huko, alinionya: "Mwalimu, hiyo bei ni ya usiku mmoja." Nikamjibu kwamba mimi sipangi safari kwa umbea wa sokoni.

Mke wangu akawaaga akina mama wa kanisa, akashonesha nguo mbili mpya. Jumatatu tukaketi mbele ya karani wa ofisi ya safari mjini Kericho. Aliisoma bajeti yangu mara mbili, kisha akafunua ukurasa wa mwisho wa kijitabu, ule ambao sikuufikia.

"Mzee, hii ni bei ya usiku mmoja."

"Basi tutalala usiku mmoja," mke wangu akasema upesi, akinitetea.

Karani akainamisha macho. "Na ni ya mtu mmoja, Mama."

Mke wangu akaufunga mkoba wake taratibu, akanigeukia.

"Basi nenda wewe, Baba Kiprono. Mimi nitasimuliwa."